Hakuna Aliyesema Kata

Siku ya kupiga shoti ya sitini na mbili ya filamu, mvua ililetwa na lori la maji saa tatu asubuhi. Dereva alirudi kinyumenyume hadi kwenye lango la nyumba iliyokodishwa, akauliza maji yamwagwe wapi, akaonyeshwa pipa kubwa lililounganishwa na mabomba yenye matundu, yaliyotandazwa juu ya ua mzima. Jua lilikuwa kali. Katika filamu ilikuwa jioni, mwigizaji mkuu amesimama mlangoni akimuaga mumewe anayeondoka moja kwa moja, na mvua ilihitajika kwa sababu mwongozaji aliamini kwamba mtu hawezi kuachwa vizuri bila mvua.

Taa ya kumulika uso wa mwigizaji ilishikwa na fundi taa mmoja aliyeitwa Alfajiri. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa kila siku alifika kazini kabla ya watu wote, hata kabla ya mlinzi kuamka, ingawa mlinzi hakuajiriwa kulala. Alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana. Asubuhi hiyo aliukagua waya wa taa yake, akakuta umechubuka sehemu mbili, akamfuata mwongozaji.

"Bosi, huu waya umechubuka, na hapa tunacheza na maji. Nikatafute mwingine?"

"Utachukua muda gani?"

"Saa moja hivi."

"Ndani ya saa moja jua litakuwa limehama, tutaanza upya. Zungushia tepu, kaka. Shoti moja tu."

Alfajiri akazungushia tepu. Hiyo shoti moja tu ilipigwa mara nane, kwa sababu mara ya kwanza mwigizaji alipiga chafya, mara ya tatu ndege ilipita, na mara nyingine zote mwongozaji hakusema sababu. Kila mara alipaza sauti, "Kata!", na kila mtu akashusha pumzi. Saa nne na nusu kibao cha kuanzishia shoti kikagongwa kwa mara ya tisa. Dakika ya tatu Alfajiri aliinua kidole kimoja kutoka kwenye taa, ishara ya kuomba wasimame. Mwongozaji alisema kwa sauti ya chini, "Usishushe taa," naye hakuishusha. Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili alianguka majini bila kupiga kelele, kwa sababu kelele zingeharibu sauti.

Watu walikimbia. Mmoja alizima umeme, mwingine akapiga simu, mwigizaji akalia machozi ambayo hayakuandikwa popote. Alfajiri alikimbizwa hospitali kwa gari la kubebea vyombo, na daktari alitumia muda mfupi sana kusema alichokuwa nacho cha kusema. Katika purukushani ile yote, hakuna aliyesema kata.

Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi: shoti ikishaanza, hakuna ruhusa ya kujongea, kukohoa wala kujikuna mpaka neno hilo lisemwe, na mwenye haki ya kulisema ni mwongozaji peke yake. Mwigizaji hawezi kulisema, mpiga picha hawezi, hata mwenye kampuni akipita na kitambi chake hawezi. Ndivyo wote walivyofundishwa, na Alfajiri alifundishika kuliko wote.

Alizikwa siku ya tatu. Siku ya nne baada ya ajali wafanyakazi waliporudi, walimkuta uani, pale pale, amesimama na taa mikononi, maji yakimtiririka shatini ingawa mabomba yalikuwa makavu na pipa lilikuwa tupu. Taa ilikuwa inawaka. Waya wake ulikuwa kituo cha polisi, umeviringishwa na kufungiwa ndani ya mfuko. Mpiga picha alikwenda kwenye kamera, ambayo hakuna aliyekuwa ameikumbuka, akaona kitaa chekundu cha kurekodi hakijazimika na namba za kwenye skrini zinakimbia, zikisoma saa tisini na tano na dakika zake.

"Hajaambiwa kata," alisema.

Watu wakaelewa, wakaenda kunywa chai.

Mpiga picha alifanya yote ambayo mtu wa kazi hiyo hufanya. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Alitoa betri. Alitoa kadi, ambayo uwezo wake ni dakika arobaini na nane na si zaidi. Kamera iliendelea kurekodi. Alipoichomeka ile kadi kwenye kompyuta, faili la shoti lilikuwamo, linazidi kunenepa, ila halikufunguka. Hilo halikuwa la ajabu. Faili la kamera hizi za kidijitali halifunguki mpaka shoti yake ifungwe, ndivyo zilivyotengenezwa.

Mke wa Alfajiri alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mwepesi wa mikono na mzito wa kulia mbele za watu. Mpiga picha alimfuata huko mchana, akasimama kando mpaka alipomaliza shuka aliyokuwa nayo.

"Shemeji, pole tena."

"Nimeshapoa."

"Jamaa yuko kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye shoti. Hajaambiwa kata."

Mke wa Alfajiri aliisimamisha pasi. Akauliza, "Ameloa?"

"Chepechepe."

Aliomba ruhusa kwa mwenye duka, akapitia nyumbani kuchukua taulo na shati la buluu, akalinyoosha upya kwa sababu lilikuwa na mkunjo mmoja kwenye kola, wakaondoka.

Alimkuta vile alivyoambiwa. Alimfuta uso, nao ukaloa tena. Alimfuta shingo, ikaloa tena. Mikono yake ilikuwa ya baridi lakini ilikuwa mikono yake, na kidole gumba cha kushoto bado kilikuwa na plasta aliyombandika yeye mwenyewe Jumapili. Alipofungua kifungo cha kwanza ili ambadilishe shati, akaja mbio yule waliyemwita dada wa daftari. Kazi ya dada huyu ilikuwa kuandika kila kitu kinavyokaa kwenye shoti, kifungo kipi kimefungwa na kikombe kina chai kiasi gani, na shoti imeanza saa ngapi na kuisha saa ngapi.

"Samahani, mama. Nguo haibadilishwi katikati ya shoti."

"Dada, huyu ni mume wangu."

"Najua, mama, na naomba unisamehe. Lakini haijaisha."

Dada wa daftari ndiye aliyeanza kulia. Alikirudisha kile kifungo mahali pake, akaangalia daftari kuhakikisha, kisha akamshikia mjane taulo. Shati la buluu likarudi nyumbani na mkunjo wake mpya.

Kabla ya kuondoka, mke wa Alfajiri alisimama mbele ya mumewe, karibu kabisa, akasema, "Kata."

Alfajiri hakujongea. Mkewe akasema tena kwa sauti ya juu, mpaka waliokuwa nje ya lango wakageuka. Macho ya Alfajiri yalipita juu ya bega lake, yakatua kwenye kiti cha turubai cha mwongozaji, yakangoja. Mkewe alikuwa anayafahamu macho hayo. Miaka kumi na minne alikuwa anafunika chakula, anafunua, anapasha moto, anafunika tena, kwa sababu mahali fulani mtu fulani hajasema kata. Alimpenda mume huyu, na kwa muda wa kama dakika moja alimchukia kwa moyo wote.

"Hata ukifa," alimwambia, "unamsikiliza yeye."

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya kampuni, yenye muhuri wa mviringo wa rangi ya buluu. Ilianza kwa pole na kumalizia kwa pole. Katikati ilisema kwamba marehemu alipatwa na ajali wakati wa mapumziko, kamera ikiwa imeshasimamishwa, baada ya kugusa vifaa bila ruhusa ya mtu yeyote, na kwa hiyo hakuwa kazini. Mke wa Alfajiri aliisoma mara tatu amesimama kwenye meza ya pasi. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, na ambaye dakika ile ile alikuwa kazini, ameandikwa kwa mashine kwamba hakuwa kazini. Akaunguza foronya ya mteja.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na neno moja tu, na alimwambia kila aliyemuuliza anataka nini. Alitaka iandikwe kuwa mume wake alikufa kazini. Hakuongeza kitu.

"Wewe ulikuwa unachungulia kwenye kamera," alimwambia mpiga picha. "Uliona yote. Nenda ukaseme."

Mpiga picha alikaa chini kwenye kapu la nguo chafu. "Nilisaini, shemeji."

"Ulisaini nini?"

"Karatasi ya kwamba tulikuwa mapumziko. Sote tulisaini. Walituita mmoja mmoja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini kamera haikusaini. Alivyoinua kidole, bosi alivyomjibu, vyote vimo mle ndani. Shoti ikifungwa tu, faili linafunguka, na kila mwenye macho ataona."

"Na ya kuifunga ni neno moja."

"La mtu mmoja."

Mjane alimfuata mwongozaji saa ya chakula. Ingekuwa rahisi kama mtu huyu angekuwa mbaya. Alikuwa mwembamba, amezeeka kwa wiki mbili, na tangu siku ile viatu vyake vilitoa maji kila alipopiga hatua. Alisimama kumpisha mjane kwenye kiti chake cha turubai, akaagiza aletewe chai.

"Sikuja kunywa chai."

"Najua, mama."

"Sema neno hilo tu. Apumzike."

"Nilisahau," alisema mwongozaji. "Miaka ishirini sijawahi kusahau kulisema. Siku ile nilisahau."

"Sasa umekumbuka."

Mwongozaji alimtazama Alfajiri, akafungua mdomo. Mpiga picha alisogea karibu na kamera. Alfajiri mwenyewe aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayesikia mlango wa nyumbani kwake ukifunguliwa. Kisha mwongozaji akaufunga mdomo.

"Mwanasheria wa kampuni amenikataza. Nikisema leo, ina maana siku ile sikusema."

"Hukusema."

"Ndiyo, mama. Sikusema."

Alitoa machozi, na yalikuwa ya kweli. Chai ikaletwa, ikapoa. Kuanzia mchana huo shoti zote za filamu ile zilianza kumalizwa kwa neno "asanteni", na baada ya siku mbili tatu wafanyakazi walikuwa wamelizoea.

Kazi iliendelea kwa kamera ya pili. Mwanzoni walimkwepa Alfajiri, wakipanga picha ili asionekane. Baadaye mtu mmoja aligundua kwamba taa yake haikuwa na mfano. Haikupata joto, haikuhitaji umeme, na uso wowote uliosogezwa mbele yake ulionekana umetoka kulia na kusamehe. Basi ikawa kila penye shida ya mwanga utasikia, "Mpelekeni kwa marehemu." Waigizaji walipelekwa, wakamulikwa. Nyumba iliporudishwa kwa mwenyewe na kamera zikahamishiwa mahali pengine, Alfajiri alikutwa huko amesimama tayari, amefika kabla ya watu wote.

Mkewe alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Alipigwa danadana wiki saba, wiki ya nane akaitwa. Afisa aliyempokea alikuwa kijana mstaarabu mwenye mafua. Hakubisha kwamba marehemu amesimama kule na taa. Alikuwa ameambiwa na watu wengi, tena wenye heshima zao. Alieleza tu kwamba mkataba wa marehemu uliisha siku aliyofariki, kwa hiyo kusimama kwake kwa sasa hakuihusu ofisi.

"Sizungumzii sasa. Nazungumzia siku ile. Alikuwa kwenye shoti."

"Shoti yenyewe ipo?"

"Ipo. Haifunguki."

"Basi itabidi tutazame daftari."

Dada wa daftari alikuwa ameitwa, naye alikaa kwenye benchi amelikumbatia. Hapa pana jambo la kuelezwa, ambalo mjane alikuwa ameshalisikia. Siku ya tano baada ya msiba dada huyu aliamriwa na kampuni aandike saa ya kumalizika kwa shoti ya sitini na mbili, mara ya tisa, mahali alipokuwa ameacha wazi. Aliandika, kwa kalamu ya wino, kwamba iliisha saa nne na dakika thelathini na tatu, dakika moja kabla ya ajali. Kesho yake mahali pale palikuwa wazi tena. Akaandika upya. Kesho yake tena pakawa wazi. Kwa kuwa alikuwa mtu makini na ana wadogo zake wanne wanaomtegemea, alilifanya kuwa jambo la kwanza kila asubuhi akishanawa uso: anafungua daftari, anajaza, anafunga. Afisa alipolifungua ukurasa ulikuwa umejaa, na wino ulikuwa umekauka vizuri.

"Imeandikwa hapa, mama. Kamera ilikuwa imesimama."

"Lifungue kesho alfajiri."

"Ofisi hufunguliwa saa mbili."

Mke wa Alfajiri alimgeukia dada wa daftari. Dada alitazama viatu vyake. Afisa akapiga chafya, akaomba radhi, akaandika kwamba shauri limefungwa.

Filamu ilikamilika, ikaonyeshwa katika ukumbi mkubwa wenye viti vyekundu. Mpiga picha alimletea shemeji yake tiketi na hakuwa na ujasiri wa kukaa karibu naye. Watu walilia palepale walipotakiwa kulia. Waliotoka kwenda kujinyoosha walisema kuwa hawajawahi kuona mwanga wa namna ile usoni mwa mtu. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, yeye alibaki amekaa. Alilisoma jina la dereva wa lori la maji, jina la mwenye nyumba, jina la aliyepika chai. Alisoma mpaka skrini ikabaki nyeusi na wafagiaji wakaanza kuinua viti, kisha akawapisha wafagie.

Kamera ile haikutumika tena, kwa kuwa kamera ambayo iko katikati ya shoti haiwezi kuanza shoti nyingine. Iliwekwa ndani ya sanduku lake, sanduku likawekwa kwenye rafu ya chini katika stoo ya kampuni, kati ya stendi mbovu na maturubai. Alfajiri alisimama kando yake. Mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpokea kwa furaha iliyo wazi, maana balbu za stoo zilikuwa zimeungua siku nyingi na barua zake za kuomba nyingine zilikuwa hazijajibiwa. Sasa aliweza kusoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Aliweka ndoo chini ya shati la Alfajiri na kuimwaga mara mbili kwa siku.

Mjane aliruhusiwa kuja Jumanne na Ijumaa, baada ya kazi. Huja na taulo na lile shati la buluu, kwani hakuna ajuaye siku. Humfuta uso, humweleza habari za nyumbani, nani kaolewa, bomba gani linavuja, jinsi foronya ya yule mteja ilivyomgharimu maneno. Zamani alikuwa anamkaripia; siku hizi humwegemea tu bega na kuloa. Alfajiri hutazama mlango. Hata viatu vikipita nje huinua kidevu, visipokuwa na maji hukishusha.

Kila mgeni wa stoo lazima aandike kwenye kitabu cha wageni. Hiyo ni sheria ya kampuni na mtunza stoo haichezei. Siku ya kwanza mjane alifika kwenye safu ya "unayekuja kumwona", akaandika jina la mumewe, lile la kuzaliwa. Safu iliyofuata iliuliza huyo mtu ni nani hapa.

"Nijaze nini hapa, mzee?"

"Jaza ukweli, binti yangu. Hawasomi."

Akaandika: yuko kazini.

Mtunza stoo alisogeza miwani, akausoma ule mstari kwa mwanga wa taa ya Alfajiri, akaona umekaa sawa. Akavuta kidau cha wino, akachukua muhuri wa kampuni, ule wa mviringo wa buluu, akaugonga juu ya maneno yale kama anavyogonga kila mstari. Tangu hapo ameugonga kila Jumanne na kila Ijumaa. Kitabu kikijaa hufungwa kwa kamba na kuwekwa nyuma ya maturubai, na mjane huandika kwenye kipya.